Kipengele cha Tisa

Fomu walinipa asubuhi, kurasa sita zimebanwa kwa pini,
na kalamu mpya yenye nembo ya jiji.
"Tathmini ya Sheria Ndogo," imeandikwa kwa wino mzito,
"ya Kuzuia Ombaomba na Kulala Barazani.
Miezi sita ya utekelezaji. Jaza kwa ufupi."

Nami ni mtu wa ufupi. Nikajaza:
Walioondolewa: arobaini na mmoja.
Chombo kilichotumika: lori la taka, limeoshwa.
(Neno "limeoshwa" liliongezwa na bwana afya,
alitaka lionekane.)
Walikofikishwa: Muheza, stendi, saa tano usiku.
Walipokelewa na nani: hapo nikaacha nafasi.

Usiku nikaenda kuhesabu mwenyewe,
Barabara ya Nane mpaka ya Kumi na Mbili,
tochi nimeielekeza chini nisimwamshe mtu.
Kwenye baraza la ghala la katani, lile lenye mlango wa bati,
nilifika kumi na saba, hesabu ikanipotea
mtoto mmoja alipogeuka ndani ya kiroba
nikaona kumbe ni wawili.

Kidawa binti Mhina alikuwa macho.
"Wewe ndiye wa karatasi," akasema. "Kaa."
Nikamwuliza swali la nne: kwenu wapi?
"Barabara ya Saba, nyumba ya kona, sasa wanauza simu.
Kaka zangu waliiuza, mimi nimelazwa Bombo, mguu unakatwa.
Natoka na gongo langu, nakuta fundi anapaka rangi.
Leo mgambo wananiambia rudi kwenu.
Mwanangu, Muheza sijawahi kuzika mtu.
Walinipeleka kutembea. Nikatembea, nikarudi."
"Kwa mguu?"
"Kwa huo mmoja. Na lori la machungwa."
Akacheka. Mimi nikaandika: amerejea.

Waliorejea: thelathini na watatu.
Waliofariki: wawili. Wasiojulikana walipo: sita.
"Nane hawapo tena mjini," akasema bwana mipango,
"hiyo ni karibu asilimia ishirini ya mafanikio. Andika."
Nikaandika.
Kalamu ya jiji haijui kusita.

Ila Ijumaa. Fomu haina mahali pa kuiweka Ijumaa.
Sheria inamshika anayepokea, na anayetoa pia, elfu hamsini,
kwa hiyo dukani kwa Karimbhai bakuli la sarafu limeondoka kaunta.
Badala yake, watu wakishatoka msikitini, mwenye duka hutoka kufagia,
na sarafu zikamponyoka.
Zinamponyoka mia mbili, mia mbili, hadi ukingo wa mtaro,
naye hainami, mgongo unamsumbua, anasema.
Wanaookota wanaokota. Kuokota hakujakatazwa.
Mwuza vitambaa naye kapatwa na balaa hilohilo la vidole,
na mama wa mandazi, na fundi saa:
mtaa mzima umeshikwa na ugonjwa wa kudondosha.

Kipengele cha tisa: Je, umma umepata utulivu?
Nilikaa na swali hilo kwenye ngazi za benki
nikiutafuta umma uko wapi niuulize,
maana kila niliyemwona alikuwa na jina.

Nikainuka. Mfukoni nina mia tano ya nauli.
Siwezi kusema niliitoa; ilinitoka,
ikabingirika, ikalala.
Mntangi wa mgambo, kirungu kwapani, akapaza sauti:
"Afisa! Umedondosha pesa!"
Mtaa ukanyamaza. Mwenye duka akasimamisha ufagio.

"Si yangu," nikasema.

Mntangi akaitazama, akanitazama,
akakumbuka ana kamba ya kiatu ya kufunga.
Kidawa akalisogeza gongo, polepole,
akaifunika.